Kabla ya Kushika Kamera

Kila mara kikundi cha vijana wa parokia kinapotaka kutengeneza filamu fupi, tumeona mambo yaleyale. Mmoja anainua simu yake, wa pili anajitangaza kuwa mwongozaji, na waliobaki wote ni waigizaji. Hakuna anayeomba kazi ya sauti. Hakuna anayeuliza ni nani atakayeketi siku tatu akichagua picha zipi zibaki na zipi zitupwe. Kisha watu wanakusanyika ukumbini kutazama, na hawasikii neno lolote ila upepo na jenereta ya jirani.

Hatusemi hivyo kwa dharau, kwa maana sisi tulio walimu ndio tuliowaacha vijana waanzie mahali pasipofaa.

Filamu ni kazi ya mikono mingi. Mwandishi hutunga mswada. Mtayarishaji hutafuta fedha, ruhusa na chakula cha watu, nacho chakula kikikosekana hata mwigizaji mkuu huenda zake. Mwongozaji huamua kila tukio lionekane namna gani, mpiga picha hupima mwanga, fundi wa sauti husikiliza yale ambayo wengine wameyazoea hata hawayasikii tena. Filamu ya La Vie est belle, iliyotoka mwaka 1987, wengi huikumbuka kwa ajili ya Papa Wemba peke yake. Ni wachache wanaojua kwamba iliongozwa na watu wawili, na kwamba mmoja wao, Mweze Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu.

Lakini yuko fundi mmoja ambaye tungependa vijana wamjue kabla ya wote: mhariri, yaani yule wa montaji. Miaka michache baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, mwalimu wa sinema aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha furaha wala huzuni. Akaiunganisha na bakuli la supu, halafu akaiunganisha picha ileile na jeneza. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: jinsi alivyoona njaa, jinsi alivyoomboleza! Kumbe uso haukubadilika hata kidogo. Huzuni waliiweka wao wenyewe, kwa kuwa mkono wa mhariri uliwaongoza.

Neno hili si la wasomi tu. Katika simu zenu, vijana, hupita video kila siku: nyumba inaungua, umati unakimbia, kisha uso wa mtu, na sauti inayotaja kabila la waliotenda. Ni nani aliyeziunganisha picha hizo? Moto ule uliwaka wapi, mwaka gani? Mtu yule alikuwa akiutazama moto, au alitazama kitu kingine kabisa? Sauti ilitoka mahali pale, au ilibandikwa baadaye? Na nje ya fremu, yaani nje ya ile mipaka ambayo kamera imeizungushia dunia, paliachwa nini? Tumeona jirani akikoma kumsalimu jirani yake kwa sababu ya sekunde arobaini za namna hiyo.

Wakati wa ukoloni, baadhi ya Wabelgiji waliotengeneza filamu kwa ajili ya Wakongo walishikilia kwamba sisi hatuwezi kuelewa picha zinazokatwa upesi, hivyo tupewe za polepole na nyepesi. Walikosea. Mtoto wa miaka kumi leo hufuata montaji ya kasi bila taabu. Ila kufuata si kuhoji, na kuhoji hatujamfundisha.

Basi mkutano wa kwanza uwe hivi. Mpigeni picha mwenzenu mmoja kwa sekunde kumi, akiwa kimya. Iunganisheni na sufuria ya sombe, kisha na kitanda kitupu. Waonyesheni watu wa makundi mawili, kila kundi peke yake, mkawaulize mwenzenu anawaza nini. Simu moja yatosha. Ugomvi wa nani awe mwigizaji mkuu utasubiri Jumapili inayofuata.