Kunyamaza hakumlindi binti wa Idodi

"Ukimfundisha mtoto mambo ya uzazi, umemfungulia njia." Kauli hii utaisikia Idodi, Tungamalenga na Mapogoro, vijiji vya tarafa ya Idodi mkoani Iringa. Ataitoa mzazi kwenye kikao cha shule, na mwalimu anayeiruka sura ya uzazi kitabuni ataitumia kujitetea. Wengi wanaoisema wanawapenda watoto wao. Lakini kauli yenyewe ni ya uongo, na wanaoulipia uongo huo ni watoto hao hao.

Idodi inajua maana ya kumwonya mtoto mapema. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi na kuua wanafunzi 12. Ilielezwa kwamba ulianzia kwenye mshumaa. Hakuna mzazi ambaye angesimama siku ile kusema kwamba kuwafundisha watoto hatari ya mshumaa ni kuwatia hamu ya kuchoma mabweni. Kwa nini basi hatari zinazohusu mwili wa binti huyo huyo ziwe siri asiyostahili kuambiwa?

Wapo wanaodai kwamba ukimya ndio mila yetu. Mila ipi? Wazee wetu hawakunyamaza. Binti akivunja ungo, bibi au shangazi alimkalisha chini akamweleza habari za damu, usafi, mwanamume na mimba. Si yote waliyofundisha yalikuwa mema: mengine yalimzoeza kuvumilia asichopaswa kuvumilia, na kwa baadhi ya makabila yaliambatana na kisu. Hayo tuyazike. Lakini walishika jambo moja ambalo sisi tumeliacha: mtoto akipevuka hufundishwa, na yupo mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Leo bibi yuko kijiji kingine, shangazi kahamia mjini, mama anaona haya, baba anadhani hayamhusu, mwalimu anamsukumia mzazi. Pengo hilo limeshajazwa. Limejazwa na video za kwenye simu, na wanaume watu wazima ambao msimu wa mpunga wanakuwa na fedha mfukoni na maneno matamu kwa binti anayetembea peke yake kutoka shule. Hao hawaoni haya kufundisha.

Tarafa hii ina Wahehe, Wabena, Wasangu, Wagogo, Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig. Nimechoka kusikia kwamba watoto wa wafugaji "wana mila zao, waacheni." Anayesema hivyo humwita daktari wa mifugo ng'ombe wao wakiugua. Binti wa Kibarabaig hapevuki kwa namna tofauti na wa Kihehe, wala virusi vya UKIMWI havimuulizi mtu kabila. Tofauti ni kwamba huyu wa Kibarabaig ana nafasi ndogo zaidi ya kufika darasani. Na kwa miaka mingi mtaala wetu uliiweka mada ya uzazi katika Biolojia ya kidato cha tatu, tena kwa Kiingereza. Aliyeishia darasa la saba akaenda kuchunga au kuolewa, somo hilo la sekondari halikumfikia.

Hofu ya "kufungua njia" imeshapimwa. Mwaka 2009 UNESCO ilichapisha mapitio ya tafiti 87 kutoka nchi mbalimbali, na hayakuonyesha kwamba elimu ya uzazi inawaharakisha vijana kuanza ngono. Hapa kwetu, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mkoani Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ukatoa elimu hiyo katika shule za msingi na zahanati. Uelewa wa vijana uliongezeka, nao hawakugeuka malaya. Ni kweli pia kwamba mradi ule haukupunguza maambukizi ya VVU, na wapinzani hupenda kutukumbusha. Ninalikubali hilo. Somo la darasani peke yake halimzuii mwanamume wa miaka 35 anayemnunua mtoto kwa sabuni na nauli. Ndiyo sababu wavulana na akina baba nao lazima wafundishwe, na mnunuzi afikishwe polisi badala ya kumalizana na familia kwa ng'ombe.

Wakati tunanyamaza, hali imekuwaje? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Ule wa VVU wa 2022/23 uliikuta Iringa na asilimia 11.1 ya watu wazima wenye maambukizi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe, hata mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba. Jamii iliyomwona mtoto wa miaka 15 ametosha kubeba mimba inawezaje kumwona hajatosha kuelezwa mimba inapatikanaje?

Wenyeviti wa vijiji vya Idodi, mkutano mkuu ujao wekeni ajenda hii. Mwiteni muuguzi wa zahanati aseme kwa Kiswahili chepesi, na awepo wa kutafsiri Kimasai na Kibarabaig. Waiteni wavulana walioko machungani na mabinti walioacha shule. Na wewe mzazi, usisubiri mkutano. Zungumza na mwanao wiki hii.