Pasipoti ya Mama Isikae Kwenye Imeli

Familia zetu zina desturi tunayoiona ya kawaida. Mtu wa Maskati akitaka kumwombea mama viza ya Australia, anapiga picha pasipoti, cheti cha ndoa na taarifa za benki, anazituma kwa imeli kwa kijana aliyeko Sydney. Viza inatoka, mama anakuja, anarudi zake. Zile picha zinabaki pale pale miaka, kwa mtumaji na kwa mpokeaji. Mimi nasema desturi hii tuiache.

Sisi wa Parramatta na Australia nzima tumeshaonyeshwa gharama yake. Septemba 2022 kampuni ya simu ya Optus iliibiwa taarifa za wateja zaidi ya milioni 9. Kwa watu kama milioni 2.1, zilikuwemo namba za vitambulisho: leseni, pasipoti, kadi za Medicare. Waliokwisha kuihama kampuni hiyo nao hawakusalimika, manake taarifa zao zilikuwa bado zimewekwa. Funzo ni jepesi: mwizi hawezi kuiba kisichokuwepo.

Wapo wanaosema, "Mimi sina la kuficha." Haya, mbona nyumba yako ina pazia? Sitara si dalili ya hatia. Sura ya An-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Imeli nayo ni chumba cha ndani.

Wengine wanadhani dirisha la faragha la kivinjari linatosha. Halitoshi. Incognito ya Chrome haiweki historia kwenye simu yako, basi. Tovuti unazotembelea na kampuni inayokupa intaneti bado zinaweza kukuona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Tufanyeje basi? Tumia kivinjari kinachozuia wafuatiliaji bila kuamrishwa, kama Firefox au Safari. Kuwa na anwani mbili: moja ya benki na serikali tu, nyingine ya maduka na michezo ya watoto. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Proton Mail ya Uswisi huzifunga barua hata wenyewe wasiweze kuzisoma, lakini ukimwandikia ndugu mwenye Gmail, nakala yake iko kwa Google. Kwa hiyo hili si la mtu mmoja, ni la ukoo mzima.

Leo usiku fungua imeli yako, tafuta neno "pasipoti", halafu "passport". Unayoihitaji ihifadhi nje ya imeli, mahali penye nywila. Iliyobaki ifute, na kwenye pipa la taka uifute pia, kisha mwombe uliyemtumia afanye vivyo hivyo. Pasipoti ile ni ya mama, si yako. Hajakuuliza iko wapi kwa sababu anakuamini.