Dini, Tiba na Hekima Katika Mazungumzo Yetu



Wapo wanaodhani kwamba dini ni ya msikitini, sayansi ni ya hospitalini, na falsafa ni ya wasomi wa vyuo vikuu. Dhana hiyo inatugharimu. Hapa Bomani, na kote Tarime na Serengeti, Desemba ya msimu wa tohara inapokaribia, mazungumzo ya barazani huelekea kwenye ukeketaji wa mabinti. Humo ndimo hatima ya mtoto huamuliwa, na humo ndimo elimu hizo tatu zinapohitajiana.

Tazameni inavyokuwa kila moja ikisimama peke yake. Anayesema kwa tiba tu huonya juu ya kutokwa damu, wembe mchafu na taabu za uzazi. Hujibiwa upesi: basi aitwe muuguzi, aje na wembe mpya. Anayesema kwa dini tu hujibiwa kwamba hii ni mila ya Wakurya, dini haihusiki. Au huambiwa kwamba ni suna. Anayesema kwa hoja ya haki tu, kwamba mtoto hakuulizwa, hujibiwa kwamba kila kabila lina desturi yake. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine huachwa wazi.

Sasa ziwekeni pamoja. Kurani Tukufu haikuamrisha jambo hili popote. Hadithi ya Ummu Atiyya inayotegemewa sana, Abu Daud mwenyewe aliyeipokea aliieleza kuwa dhaifu. Tusifiche kwamba wanazuoni wa kale, hasa wa madhehebu ya Shafii, walilihesabu kuwa wajibu. Lakini kanuni ya kwamba madhara huondolewa ni yao pia, na kuyajua madhara yenyewe ni kazi ya tabibu. Yalipodhihirika, Al-Azhar ya Cairo ilitangaza mwaka 2007 kwamba ukeketaji hauna msingi katika sheria ya Kiislamu. Tiba haikupigana na dini. Iliipatia ushahidi wa kuhukumia.

Na falsafa? Kazi yake ni kuuliza: hata wembe ukiwa safi, ni kwa haki gani mzazi amkate mtoto kiungo kisicho na ugonjwa, pasipo faida yoyote na pasipo amri ya Mola? Swali hilo ndilo lifungalo mlango ulioachwa wazi na tiba.

Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198) alikuwa kadhi, tabibu na mwanafalsafa, na katika kitabu chake Faslul Maqal alitetea kwamba hoja sahihi haiwezi kugombana na sheria ya Mungu. Sisi si lazima kila mmoja akusanye elimu zote tatu. Yatosha walio nazo wasikilizane.

Sheria ya nchi ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai tangu mwaka 1998. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Sheria huadhibu, anayemgeuza baba moyo ni mtu anayezungumza naye.

Basi maimamu wetu, wauguzi wetu na wazee wetu wakae jamvi moja kabla ya Desemba, wala mmoja asimwachie mwenzake jibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na awahifadhi mabinti zetu. Amin.