Tusiufute Mkwaruzo

Ukitaja roki mbele ya wapenda muziki wa Bukavu, si ajabu kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, wetu ni rumba na sebene. Albamu ya kwanza ya kundi la Kinshasa la Mbongwana Star, From Kinshasa, iliyotoka mwaka 2015, ilishaijibu hoja hiyo. Waanzilishi wake, Coco Ngambali na Theo Nzonza, walitoka Staff Benda Bilili, kundi lililozunguka dunia kwa muziki mtamu wa wanamuziki waliopooza miguu kwa polio. Wangeweza kuurudia utamu uleule, na wateja wangekuwapo. Badala yake besi ikatangulizwa, sauti zikapitishwa kwenye mitambo hadi zikapasuka, gitaa likakwaruza kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Katika wimbo wa Malukayi wakawaalika Konono No. 1, kundi la Mingiedi Mawangu, ambaye miongo kadhaa kabla alitumia sumaku za vipuri vya magari ili likembe yake, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, isikike juu ya kelele za mji. Kwa hiyo mkwaruzo ambao mpenzi wa roki huusifu kwenye gitaa la Marekani, Kinshasa iliupata kwa njia yake, kwenye mirundo ya vyuma chakavu.

Mtu atasema: mbona albamu yenyewe ilitengenezwa na Liam Farrell, Mwairlandi wa Paris, ikatolewa na World Circuit ya London? Pingamizi hili lina uzito. Kuna mahali mkono wa Farrell unasikika kuliko pumzi ya waimbaji, na ni haki kuuliza ni sikio la nani lililokuwa likiridhishwa. Lakini Konono walikuwa wakikwaruza kabla hajawajua. Sifa yake kubwa ni kwamba hakuwasafisha. Somo ninaloliona ni kwamba anayekaa kwenye meza ya kuchanganya sauti ana mamlaka kama mwimbaji, na kundi linaloanza lichague mtu huyo kwa makini kuliko linavyochagua mavazi ya jukwaani.

Wengine watasema Kinshasa ni Kilingala, sisi huku mashariki tuna nini? Tuna gitaa lililoimba Kiswahili kabla ya uhuru. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga nyuzi kwa vidole kwa mtindo ambao wapiga gitaa wa Kenya na Uingereza walihangaika kuuiga. Ni Katanga, si Kivu, lakini lugha ni hii tunayosemea sokoni Kadutu. Basi vijana wa Kadutu au Bagira wakirekodi albamu yao ya kwanza, umeme ukatike ingawa mabwawa ya Ruzizi yapo hapa karibu, jenereta ya jirani ianze kunguruma, fundi wa sauti atataka kuifuta kelele hiyo. Aiache, walau katika wimbo mmoja.