Msikiti wa mabati wenye maandishi ya miaka 900, na ile yetu isiyoandikwa

Kila jamaa ya Waislamu ya huku kwetu inapopata mafranga kidogo, iwe ya waumini wenyewe ama ya mfadhili wa ng'ambo, mjadala unaanza vilevile: ule msikiti mdogo wa wazee, tunauvunja ama tunauacha? Mara nyingi jibu linakuja mbio. Unavunjwa. Matofali ya udongo yamechoka, mvua inaingia, watoto wameongezeka, na mnara mrefu unaonekana tangu barabarani. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Lakini kuna kitu kinapotea pale, na wakati huu wa vita kina bei kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanzie mbali kidogo, Zanzibar, sababu ni kwa njia ya huko Uislamu wa mashariki ya Congo ulipita, pamoja na hii lugha mnayosoma.

Kusini mwa kisiwa cha Unguja kuna kijiji kinaitwa Kizimkazi Dimbani. Watalii wanaenda huko kupanda mashua na kuangalia pomboo wakiruka baharini. Msikiti uko karibu, lakini wengi wanaupita bila kugeuza kichwa, na si kosa lao. Kwa inje ni nyumba ya chini, kuta nyeupe, paa la mabati, malata kama tunavyosema Katanga. Ungeweza kuuona mfano wake katika kartie yoyote ya Kamina ukadhani ni depo ya mahindi.

Ndani ni habari ingine. Kwenye ukuta wa kibla, pale mihrabu ilipo, kuna mistari ya Kufi, ule mwandiko wa zamani wa Kiarabu wenye kona kali, iliyochongwa ndani ya jiwe la tumbawe linalotoka baharini. Herufi zinasimama wima kama miti, halafu ncha zake zinachanua majani. Hakuna dhahabu, hakuna rangi za kupiga kelele. Ni mkono wa fundi na jiwe tu. Maandishi yenyewe yanataja mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Ni kati ya maandishi ya Kiislamu ya zamani zaidi yenye tarehe kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki. Mtaalamu Samuel Flury aliyachunguza na kuchapisha kazi yake mwaka wa 1922.

Sasa sikieni jambo linalonigusa zaidi. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo si ya 1107. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18. Waliofanya kazi ile hawakuwa na ofisi ya urithi, wala sheria, wala mtu wa UNESCO wa kuwashauri. Walikuwa na msikiti uliochakaa, kama sisi. Walisimamisha kuta mpya, lakini yale maneno ya wazee waliyaacha kwenye kibla. Baadaye yakaja mabati juu, na watu wanaendelea kusali chini yake. Kwa hiyo yule anayesema lazima uchague, ama msikiti wa zamani ama msikiti mzima usiovuja, hajafika Kizimkazi.

Na tusidhani kwamba mwaka ule wa 1107 huku kwetu palikuwa pori tupu. Kwenye bonde la Upemba, kando ya ziwa Kisale, watu walikuwa wakizika wafu wao pamoja na vyungu vya kupendeza na vitu vya shaba. Wachimbaji walianza kufungua makaburi ya Sanga mwaka wa 1957, na kati ya vitu vilivyotoka kwenye makaburi ya bonde lile kuna kauri, zile simbi za Bahari ya Hindi. Zilifika mkono kwa mkono, pengine hakuna hata mtu mmoja aliyetembea njia yote. Lakini zilifika.

Uislamu wenyewe ulifika nyuma sana, katika karne ya 19, na wafanyabiashara waliofungua vituo vya Nyangwe na Kasongo, Maniema. Hapa hatufichi kitu: walikuja juu ya pembe za ndovu na watumwa, na familia nyingi za mashariki bado zina kidonda hicho. Halafu ikaja vita ya 1892 mpaka 1894, watu wa Leopold II wakashinda, na kuanzia pale Mwislamu akawa mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Wabeleji walisaidia kwa pesa shule za misioni. Za Waislamu hazikupata kitu. Basi waumini walijenga kwa nguvu zao, kidogo kidogo, kwa udongo na nyasi, baadaye matofali. Udogo wa misikiti ile ni alama ya hali hiyo. Hapa Kamina reli ilisaidia: tangu 1956, njia ya Kabalo ilipounganishwa na yetu, mtu wa Maniema aliweza kushuka gare ya Kamina na mzigo wake, bibi yake na msala wake.

Kwa nini tunayasema haya leo? Juu ya ADF. Kundi hilo linaua watu Beni na Ituri na linajitangaza kuwa la Islamic State. Julai 2025 liliua waumini zaidi ya 30 waliokuwa kanisani Komanda. Kila baada ya mauaji ya namna hiyo, kuna wanaosema Waislamu wote ni wageni, wameletwa. Wanasahau kwamba tarehe 1 Mei 2021, Beni, shehe Ali Amini aliuawa kwa risasi ndani ya msikiti wakati wa sala ya jioni, yeye aliyekuwa akihubiri dhidi ya wauaji hao. Msikiti mdogo uliojengwa na babu za watu wa kartie, pamoja na majirani Wakristo waliobeba maji ya kuchanganyia udongo, unajibu maneno hayo vizuri kuliko hotuba. Ukishavunjwa bila hata picha, utaonyesha nini?

Sheria ipo. Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Lakini Congo ina maeneo matano kwenye orodha ya urithi wa dunia, na yote ni mbuga na misitu: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Okapi na Salonga. Hakuna hata jengo moja. Kungojea Kinshasa ije kuandika msikiti wa udongo wa Haut-Lomami, heri kungojea treni siku ya Jumapili.

Kazi ya kwanza ni ya kamati za misikiti zenyewe, na haiombi pesa nyingi. Parcelle iwe na certificat d'enregistrement, sababu bila karatasi hiyo mjadala wote ni bure: mwenye karatasi atakuja na trakta. Wazee waulizwe nani alijenga, mwaka gani, nani alikuwa imamu wa kwanza, na majibu yaandikwe ama yarekodiwe kwa simu. Kuta zipimwe na kupigwa picha kabla nyundo haijagusa. Na fundi anayeitwa kujenga mpya aulizwe swali moja kabla ya kutoa bei: ukuta wa kibla unaweza kubaki?