Kaka na dada wa kujitolea: siku ya Jumamosi mtoto anahesabu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaongea juu ya watoto wanaolelewa: wale walio katika familia za kuwapokea hapa kambini, na wale walio katika vituo kule Bujumbura. Wengi wetu tuna ndugu Buyenzi, Bwiza na Kinama, tukishuka mjini tunawatembelea na watoto wa vituo. Kwa hiyo tunawajua wa huku na wa kule.

Watu wanatuuliza: huyo kaka au dada wa kujitolea ni nani hasa? Analipwa? Halipwi hata franga moja. Si mzazi, na darasani anaweza asiwe mwalimu wa mtoto huyo. Ni kijana anayekuja kwa mtoto mmoja, siku ileile ya juma, wanafanya hesabu, wanapiga mpira wa matambara, wanakula mahindi, wanaongea. Basi, ni hiyo tu.

Nchi hii inayajua mambo haya zamani. Tarehe 24 Oktoba 1993, kule Ruyigi, watu 72 waliuawa katika nyumba ya askofu, Marguerite Barankitse akiona kwa macho yake. Aliokoa watoto 25, na kutoka hapo ikazaliwa Maison Shalom. Tunachopenda sisi ni kwamba hakutaka watoto wakulie wote katika jengo moja kubwa. Wengine walitafutiwa jamaa zao, wengine wakawekwa katika nyumba ndogo ndogo, wakaishi kama ndugu. Mwaka 2005 UNHCR ilimpa tuzo ya Nansen. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alikimbilia Rwanda, akaanza upya kati ya wakimbizi wenzake. Na Bujumbura hapo, vita vilipogawanya mitaa ya kaskazini, Centre Jeunes Kamenge iliendelea kuwakusanya vijana Wahutu na Watutsi uwanja mmoja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, unataja kwanza familia ya kulea, na kafala ambayo Waislamu wa Buyenzi wanaielewa vizuri. Kituo kinakuja mwisho, kama ni lazima.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma. Mtoto wa namna hii ameshaachwa mara moja au mbili. Anahesabu siku. Tunamjua kijana mmoja wa miaka kumi, rafiki yake alipata safari ya ng'ambo akaondoka bila kumuaga, eti asimlize. Mtoto alikaa karibu na bomba la maji Jumamosi tatu, daftari mkononi. Ya nne hakuja tena, na shuleni akawa hajibu maswali. Mama anayemlea alituambia: afadhali angelia siku moja.

Dada mwingine alifanya tofauti. Alimwambia mtoto wake mapema, wakahesabu pamoja Jumamosi zilizobaki, akamleta dada wa kumrithi wakajuana. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari ikakatika. Jumamosi akarudi. Mtoto akamuuliza, "Kumbe ulinidanganya?" Akamjibu, "Hapana, safari imekatika, mimi niko." Sasa mtoto yule ana madada wawili, na anatuvimbia sisi wote!

Kwa hiyo anayetaka kazi hii ajiulize kwanza kama anaweza Jumamosi ya mvua pia. Kama hawezi kila juma, aseme mara mbili kwa mwezi, lakini hizo mbili zisipotee. Asilete zawadi kila mara. Katika nyumba yenye watoto sita, pipi ya mmoja ni vita ya watano. Asipige picha. Mtoto wasikae naye peke yao mahali pa kufungwa, na asimtoe kambini bila ruhusa. Mama mlezi akimkatalia mtoto jambo, rafiki asimruhusu kwa nyuma, maana yeye atarudi kwake jioni na mama atabaki na mtoto.

Tena asimchimbe: "Wazazi wako walikufa vipi?" Mtoto ataongea siku yake. Na asimwambie kamwe kwamba mama atarudi, hata akiombwa kwa machozi. Lakini awe na masikio. Wakati wa kucheza mtoto anaweza kutaja jina la kilima, la soko, la kanisa, au lile la utani ambalo watu walimwita baba yake. Vitu vidogo kama hivyo vinasaidia sana watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliopotezana. Rafiki asianze kupeleleza mwenyewe wala kutangaza sokoni. Apeleke habari kwa wanaohusika.

Vijana wa kiume wamejiandikisha wachache, sijui wanaona ni kazi ya madada! Wavulana wengi wanaolelewa wanamtaka kaka. Kujiandikisha ni shuleni baada ya masomo ya asubuhi, halafu tutakupeleka kwa mtu wa ulinzi wa watoto akuulize maswali yake. Familia inayolea ikikataa, tunaiheshimu, tunarudi kuuliza mwezi mwingine. Njoo na siku yako umeshaichagua.