Posho si Mshahara



Wako wanachama wanaonung'unika kwamba wakimbizi watatunyang'anya kazi. Sisi twauliza: ni nani anayeifanya kazi yao kuwa rahisi hivyo?

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Kakuma 1992. Humo mwalimu mkimbizi hufundisha somo lile lile la mwalimu Mkenya wa chumba cha pili. Mkenya hupokea mshahara. Mkimbizi hupewa kitu kiitwacho posho, kidogo sana kuliko mshahara ule, na sababu anayoambiwa ni kwamba hana kibali cha kazi. Mkalimani ni vivyo hivyo, na mhudumu wa hospitali pia. Chaki haiulizi kibali!

Kenya iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1966. Kifungu cha 24 chataka mkimbizi aliyekaa nchini kwa halali atendewe kama mwananchi katika ujira, saa za kazi na likizo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo yamruhusu kuajiriwa. Basi vibali vitolewe, tena upesi. Maana tajiri akizoea kulipa posho, mshahara wetu ataupunguza kwa hoja gani ila hiyo hiyo?

Na mkimbizi akija kuomba kadi ya chama, makatibu wa matawi wasimfukuze mlangoni. Kifungu cha 15 cha Mkataba huo chavitaja vyama vya wafanya kazi waziwazi.